Siku Mama Alipokata Kamba

Nilipokuwa darasa la sita hapakuwa na msichana Kilosa nzima aliyeweza kunishinda mbio, na mama yangu hakuwa amewahi kuniona nikikimbia hata mara moja. La kwanza lilinivimbisha kichwa. La pili lilinikera kila siku ya Mungu.

Michezo ya shule ilifanyika mchana, na mchana mama alikuwa shambani, ng'ambo ya mto Mkondoa, akipalilia mahindi au akichuma pamba. Baba alikuwa kibarua wa reli. Genge lao lilikaa wiki nzima huko njiani likibadilisha mataruma yanayobeba reli, na akirudi Jumamosi alitaka kulala tu. Kwa hiyo nilishinda peke yangu. Nikifika nyumbani kwetu, Magomeni ya palepale Kilosa, na kusema, "Mama, leo nimekuwa wa kwanza," yeye anajibu, "Vizuri, mwanangu. Maji umeteka?" Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka husikia nusu ya maneno.

Kulikuwa na msichana mmoja wa shule ya Mikumi niliyemchukia kwa moyo wangu wote. Tulikuwa tumekutana naye mara mbili kwenye mashindano ya wilaya, na mara zote mbili nilimwacha nyuma. Hakuwa amenikosea kitu. Ila alikuwa na raba nyeupe, na baba yake, mwenye nyumba ya wageni pale barabara kuu ya Iringa, hakukosa kuja kumtazama. Alisimama mwisho wa mbio ameshika taulo. Taulo! Binti anashindwa, halafu anafunikwa taulo mabegani na kuulizwa kama ameumia mahali. Mimi niliyeshinda nilijifuta jasho kwa pindo la sketi ya shule, nikimtazama yule baba kwa jicho la pembeni. Ningeambiwa nichague, ningempa ushindi wote, aniachie mtu wa kushika taulo.

Ilikuwa miaka ile baada ya Azimio, watu wakihamia vijiji vya ujamaa, na karibu na Mikumi kilikuwa kinafunguliwa kijiji kipya. Wilaya ikaandaa sherehe: ngoma, hotuba, gwaride la vijana, na mbio za wasichana wa shule za msingi. Atakayeshinda angekwenda Morogoro kuiwakilisha wilaya yetu kwenye mashindano ya mkoa. Mwalimu wa michezo akatangaza kwamba wasichana wangelala huko siku moja, na kila mmoja lazima aende na mzazi wake.

Nilimweleza mama akiwa anapeta mchele. Hakuinua uso. Nikaeleza tena, nikiongeza kwamba wasio na mzazi wataachwa. Ungo ukaendelea kupanda na kushuka.

"Na palizi?" akauliza.

Nikainama kuokota punje zilizodondoka chini ya ungo.

"Haya," akasema mwishowe. "Palizi itanisubiri. Twende tukaone hizo mbio zako."

Nilitoka nje nikakimbia mpaka stesheni na kurudi bila sababu yoyote.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi kwa treni ya Kidatu. Ilikuwa na mabehewa ya mizigo yanayokwenda kuchukua sukari, na behewa moja la abiria nyuma yake. Wadogo zangu walikuwa wameachwa kwa shangazi, na tangu wazaliwe hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa na mama peke yangu. Nilikuwa nimejipangia mazungumzo. Nilitaka kumweleza jinsi ninavyoanza polepole, jinsi ninavyomwacha mwenzangu atangulie ajichoshe, na mahali ninapoanza kufyatuka.

Sikupata nafasi. Kabla hatujafika stesheni ya pili mama alikuwa ameshafanya urafiki na behewa zima. Aligawa karanga, alimbeba mtoto wa watu, alimsuta mzee mmoja aliyekuwa akijisifia ng'ombe wake. Nilimtazama nikashangaa mtu huyu alikuwa amefichwa wapi. Tulipofika Ulaya, kile kijiji cha njiani, jamaa mmoja akasema, "Jamani, tumeingia Ulaya, vaeni makoti!" Mzaha huo kila anayepita njia ile husema, na kila mara kuna wa kuucheka. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Nyumbani nilikuwa nimemsimulia vichekesho vingi vizuri kuliko hicho, naye akaniambia nipunguze kelele. Nikanuna mpaka Mikumi.

Pale kijijini wageni tuligawanywa, kila nyumba ikapokea wake. Sisi tulipelekwa na mjumbe wa nyumba kumi kwa mama mmoja wa rika la mama yangu, mnene kiasi, mwenye pengo mbele na sauti ya kuita watu walio mbali. Nikaamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akamwuliza mama kabila lake. Mama akasema sisi ni Wanyamwezi, wazazi wake walikuja kukata mkonge huko Kimamba na hawakurudi tena kwao.

Yule mama akapiga makofi. "Ala! Kumbe wilaya imeniletea wapagazi! Mizigo mmeitua wapi?"

"Tumeitua tulipokuona," mama akajibu palepale. "Tulidhani ni mzigo mwingine umesimama mlangoni."

Wakakumbatiana kama ndugu waliopotezana. Mwenyeji wetu alikuwa Msagara, na Wasagara ni watani zetu. Wazee walituambia utani huo ulianza enzi za misafara, watu wetu walipokuwa wakipita nchi hiyo na mizigo kichwani kwenda pwani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuchukua kitu chako mchana kweupe akaondoka nacho, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Unakikomboa, au unamnyang'anya ukiweza, na mnacheka. Anayenuna ndiye asiye na adabu.

"Na huyu ndiye mkimbiaji?" mtani akauliza, akininyooshea kidole miguuni. "Kwa miguu hii? Hii si vijiti vya kuchokolea meno?"

Nikamtazama mama anitetee.

"Hiyo ni ya baba yake," mama akasema. "Ya kwangu imo humu chini ya kanga. Usiiamshe."

Wakacheka tena, wote wawili, wakashikana mabega. Jioni yote ikawa hivyo. Walisonga ugali pamoja, walichambua mlenda pamoja, walitukanana kuanzia babu zao mpaka vyungu vyao. Mama alikuwa ameahidi kunikanda miguu kwa mafuta ya nyonyo kabla ya kulala. Alisahau. Nilijikanda mwenyewe, nimekaa kizingitini, nikiwasikiliza wakicheka jikoni, na wivu ulionishika juu ya mwanamke yule mwenye pengo ulikuwa mkali kuliko ule wa raba na taulo. Msichana wa Mikumi alikuwa na baba yake, hakuchukua cha mtu. Huyu alikuwa amemwokota mama yangu mlangoni, na kwa jioni moja akampata zaidi ya nilivyompata mimi tangu nizaliwe.

Jumapili mchana tukaenda kwenye mbio. Tulianzia kando ya barabara kuu, penye miti ya mikumi, ile inayofanana na minazi, tukashuka njia mpya ya udongo mpaka uwanja wa kijiji. Askari wa wanyama alitangulia na baiskeli kuhakikisha hakuna tembo njiani. Mwisho wa njia, mbele ya kibanda cha mgeni rasmi, walimu wawili walishika kamba nyembamba ya katani ya kukatwa na mshindi.

Kabla ya kwenda kuanza nilimchukua mama kwa mkono nikampeleka mwenyewe mahali nilipotaka asimame. Palikuwa kwenye kona, nyumba za kijiji zinapoanza, kwa sababu hapo ndipo nilipopanga kufyatuka.

"Usimame hapa," nikamwambia. "Usiondoke."

"Nimesikia."

"Nitatokea kule, nikiwa wa kwanza. Uniangalie mimi, usiangalie watu."

"Nimesikia, bibi mkubwa," akasema, akicheka. Mtani wake alikuwa ameshajisogeza kando yake, bila shaka, na kati yao waliweka kapu la mama. Ndani ya kapu mlikuwa na doti mpya ya kanga, aliyoiweka kwa ajili ya ngoma ya kufunga sherehe.

Firimbi ikalia. Msichana wa Mikumi akatoka mbio na raba zake, nami nikamwacha atangulie. Nilikuwa peku, udongo ulikuwa wa moto, lakini miguu ilinitii. Tulipopita kichaka cha kwanza nilikuwa wa tatu. Kwenye mteremko nikampita msichana wa shule ya Dumila. Karibu na kona nikamsikia yule wa raba anaanza kuhema kwa mdomo, nikampita na yeye, nikasikia watu mbele wanapiga vigelegele. Moyo ulinijaa. Nikasema, sasa. Sasa ananiona.

Nilipotokea kwenye kona mama hakuwepo.

Baadaye watu walinieleza. Walikuwa wamesimama wakisubiri, na wasichana tulipoanza kuonekana kwa mbali, mtani akakwapua lile kapu, akaliweka kichwani, akaingia katikati ya njia akikimbia na kupiga kelele, "Wapagazi wameibiwa! Wapagazi wameibiwa!" Mama akajifunga kibwebwe akamfuata.

Kwa hiyo nilichokiona ni mgongo wake. Mbele yangu alikuwa mama, kanga imepandishwa magotini, na mbele yake mtani na kapu, akinesanesa, akicheka hadi anapepesuka. Watu walikuwa wamepagawa. Wazee walirusha kofia, watoto walikimbia kandokando yao. Niliwapita mamia ya watu, hakuna hata mmoja aliyekuwa na jicho la kunitazama.

Mtani hakufika mbali. Pumzi ilimwishia, akatupa kapu njiani, akakaa chini kwenye majani, mikono juu. "Nimesalimu amri, mpagazi! Chukua chako!"

Nikashukuru Mungu. Nikasema mama atasimama sasa, atainama kuokota kapu lake, na akiinuka atanikuta ninakuja, mimi wa kwanza, wengine wote nyuma yangu.

Mama akaliruka kapu.

Aliliruka, akaendelea. Mbele yake hapakuwa na mtu wa kumfukuza. Palikuwa na njia tupu na ile kamba. Na sasa hakuwa anacheka tena. Niliona kwa mabega yake. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, mikono inafanya kazi, nyayo zake nyeupe kwa vumbi zinainuka na kushuka bila papara, na nikatambua, kwa hasira iliyonitoa machozi, kwamba anakimbia vizuri. Anakimbia kama mimi.

Nikafyatuka. Sijawahi kukimbia vile kabla ya hapo wala baada ya hapo. Nilitoa kila kitu nilichokuwa nacho, na kingine nikakopa. Mgongo wa mama ulibaki palepale ulipokuwa. Akaikata kamba kwa kifua, mikono ameitanua, na kelele zilizopigwa pale sikuwahi kupigiwa mimi katika ushindi wangu wowote.

Nilipofika mimi kamba haikuwepo. Alikuwa amejizungushia yeye.

Walimu wa shule nyingine wakaja juu. Wasichana wao, walisema, walisimama kucheka. Wengine walizibiwa njia na watu waliomiminika barabarani. Nani ajue nani angekuwa wa ngapi? Mwalimu wetu alibisha, lakini alikuwa mmoja. Ikaamuliwa mbio zirudiwe baada ya kupumzika kidogo. Nilikaa chini ya jua nikijikanda miguu, na wakati huohuo mgeni rasmi, ofisa kutoka wilayani, akasimama na kumwita mama mbele. Akamkabidhi jembe jipya lenye mpini.

"Ndugu wananchi," akasema, "mnatafuta mwanamke wa kujenga taifa? Huyu hapa!"

Mama akaliinua jembe juu. Alicheka kwa meno yote. Alionekana msichana. Nilimwonea wivu, mama yangu mzazi, nikainamia chini kana kwamba nachomoa mwiba.

Mbio ziliporudiwa alikwenda kusimama kwenye kona, mahali nilipomwonyesha, kapu mkono mmoja, jembe mkono mwingine. Safari hii hakuondoka. Nilitokea nikiwa wa tatu. Msichana wa raba alikuwa ameshapita, na wa Dumila nyuma yake, na mimi nilikuwa navuta miguu kama iliyofungwa mawe. Macho ya mama yalinishika tangu nilipotokea.

"Kaza, mwanangu!" akaita. "Kaza!"

Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake nikiwa nakimbia. Miaka yote nilikuwa nikiitaka, na iliponifikia sikuwa na kitu cha kukaza. Nikamaliza wa tatu. Msichana wa Mikumi akafunikwa taulo lake, na mwezi uliofuata akaenda Morogoro.

Tulipokuwa tunaaga mtani alinishika mkono. Alikuwa ameelewa, nadhani, maana hakunitania. "Mwanangu, ulikuwa utani tu," akasema, akampa mama kuku wa kufunga safari. Nilijua ulikuwa utani. Huo ndio ubaya wake: ulikuwa umeninyang'anya Morogoro, na hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Nikasema asante, kwa sababu nililelewa hivyo.

Treni ya kurudi ilijaa watu waliotoka kwenye sherehe, na wote walitaka kuliona jembe. Walilipima uzito, waligonga chuma chake kwa kucha, walimwomba mama asimulie tena jinsi mtani alivyokwapua kapu. Akasimulia. Hakuna aliyeuliza mimi nilikuwa nani. Mama mmoja aliniambia nisogee ili "mkimbiaji" anyooshe miguu.

Walianza kushuka mmojammoja kwenye vituo vya njiani, na tulipokaribia Kilosa tukabaki peke yetu kwenye benchi, kuku chini, jembe katikati ya magoti ya mama.

"Mama," nikasema.

"Ee."

"Kapu lilikuwa limeshaanguka."

Mama akainama kumsogeza kuku.

"Uliliruka. Nilikuona. Kwa nini hukusimama?"

Alisugua vumbi kwenye kidole chake cha mguu. Nilidhani atasema hakuliona, au mwendo ulimzidi, au maneno ambayo mtu mzima humwambia mtoto ili yaishe. Nilikuwa tayari kuyakataa yote.

"Walikuwa wananishangilia," akasema.

Treni ikapita juu ya daraja, akasubiri kelele zipungue.

"Nilisikia miguu yako nyuma. Nilijua ni wewe, naijua hata ukiwa uani. Nikaona nikisimama, watahamia kwako." Akauzungusha mpini wa jembe. "Mimi nilikulia kambi ya mkonge. Nani angesimama kunishangilia kule?"

Hakuomba radhi. Alinieleza tu, kama unavyomweleza mwenzako aliyekuuliza njia. Labda mtoto mwema angemhurumia. Mimi nilimhurumia, lakini kidogo, na chini ya ile huruma wivu ulikuwa umekaa palepale, haujasogea.

"Ningekupata," nikasema. "Kamba ingekuwa mbali kidogo tu, ningekupata."

Mama akanigeukia. Alinitazama muda mrefu, juu mpaka chini, si kama mtoto wake wa kutumwa maji bali kama mtu aliyekuwa naye kwenye njia ile ya udongo, akimpima.

"Usingenipata," akasema.

Alilisema taratibu, bila kujisifu, kwa sauti ileile anayosemea kwamba chumvi imetosha. Nikageuza uso dirishani, asije akaona kwamba na mimi nilikuwa najua.